Daftari la Mlango wa Friji

Mama ananiandikia kila kitu, kwa wino wa buluu:
Saa tatu, mililita thelathini. Akageuza uso.
Saa sita, kumi. Nyingine imeishia shatini kwangu.
Saa nane, hakuna. Anatazama pazia.

Saa nane hiyo hiyo, Brais, nipo kiwandani Cambados,
napanga kome makoponi, kofia ya nailoni masikioni,
siki puani,
na maziwa yananijia bila kuitwa,
yanatota mpaka kwenye aproni.
Msimamizi anatazama pembeni. Ana watoto watatu.

Mwezi uliopita ulikuwa mtu wa mchana.
Unanyonya, unasinzia, unanyonya,
na usiku mara moja tu,
kama mlinzi anayezunguka ua kisha akarudi kulala.
Nikajisifu kwa Ilduara wa ghorofa ya pili.
Ningenyamaza.

Sasa una miezi minne na siku tisa, na umeipindua saa.
Saa tano. Saa saba. Saa tisa.
Saa kumi na nusu, mvua ya Galisia ikigonga bati la balkoni,
unakuja kudai deni la kutwa nzima, na riba yake,
kiganja kimekamata ukosi wangu
nisije nikachomoka tena.

Muuguzi alikuweka kwenye mizani, akacheka:
"Huyu amehamia zamu ya usiku. Uzito wake mzuri.
Anayekonda ni wewe."

Lakini mama hakucheka.
Alisuuza chupa ile ile mara tatu.
Alilea wanne, akalea na wa jirani,
leo kitoto kinamfumbia mdomo.

Basi usiku, wewe umening'inia titi la kushoto,
nikanyoosha mkono nikashika penseli,
nikaandika chini ya wino wake, herufi zikiyumba:
Saa tisa, amenyonya mpaka likalegea.
Mama, hajakukataa. Ananingoja.

Nikaenda kazini na macho ya mchanga.
Jioni nikasoma daftari kabla sijavua viatu:

Saa tatu, ishirini.
Saa sita, nimemfunga na gauni lako la kulalia, lile halijafuliwa.
Akalinusa.
Arobaini na tano.
Usilifue.