Gumba Ndani ya Ngumi

Mtetemo, shujaa wangu, nilimzaa kwa penseli
kwenye daftari la hesabu, hapa Newala,
mwaka ule korosho zilipokosa bei.
Huruka kutoka ukingo wa Shimo la Mungu
akatua ng'ambo ya Ruvuma bila kulowa kisigino.
Fuso la tani kumi hulinyanyua
kama mama anyanyuavyo kifuniko kuchungulia mboga.
Risasi zikimgonga hugeuka ufuta.

Kwa hiyo Mwalimu Nantanga alipolichukua daftari,
akalisogeza mbali na macho, akavuta mdomo,
nilidhani anatafuta neno la kusifu.
"Huyu," akasema, "kakunja ngumi, gumba kaliweka ndani.
Akipiga hata mlango, atalia yeye."

Nikacheka. Mwalimu, huyu hupiga milima.

"Basi gumba litavunjikia milimani."

Ni mstaafu wa Magereza. Jumanne na Ijumaa,
ghala la chama cha msingi likiwa tupu,
hutandika magunia, hufundisha judo watoto wa Luchingu.
Vumbi la salfa bado limelala kwenye kona;
ukihema sana, unapiga chafya.

Kesi nikaipeleka kwa kaka yangu Chilumba, kinyozi,
msomaji wangu wa kwanza na karibu wa pekee.
Akahukumu mashine ikiwa mkononi, kichwa cha mteja nusu:
"Mwenye trekta haazimi jembe.
Shujaa akianza kuruka kamba na kuhesabu pushapu,
mimi nitasoma nini?
Hayo nayaona bure kila asubuhi, pale kwa polisi."
Mteja akaunga mkono kwa kope,
maana shingo ilikuwa chini ya wembe.

Nikakubaliana naye. Ila sikumwambia, wala Mwalimu sikumwambia,
kwamba nina miezi minane nimekwama ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa ni usiku. Mtetemo kamfumania mwizi wa salfa,
mfuko begani, kilo ishirini na tano.
Nilianza kumchora na makovu, nikampa jicho baya,
lakini penseli ina mambo yake: akatoka mtoto,
kandambili za rangi mbili,
shingo kama bua la mtama.
Na ngumi ya Mtetemo iko hewani.
Nikiishusha, mtoto hana kichwa.
Nikiiacha, salfa imekwenda,
na mikorosho ya Bi Somoe inaliwa na ubwiri.
Nimeufuta mkono ule mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa nikaenda ghalani, daftari kwapani.
Mwalimu hakuuliza kitu.
"Vua viatu. Anguka."

Wiki mbili nilianguka tu:
kidevu kifuani, kiganja kiwahi gunia kabla ya mgongo.
Wiki ya tatu akanipa Fadina wa darasa la nne.
Mshike kifundo cha mkono. Asitoke. Asiumie.
Alitoka mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili hakutoka, akalia.
"Umembana kwa woga," Mwalimu akasema.
"Nguvu unazo. Kipimo huna."

Usiku ule ukungu uliingia hadi chini ya mlango.
Nikabandika karatasi kwenye tundu,
nikachora mkono uliofunguka, gumba nje,
ukipokea kifundo cha mtoto
kama unavyopokea yai kwa mtu mwenye haraka.
Mfuko ukaanguka. Mtoto hakuanguka.

Kisha nikarudi nyuma, nikachomeka kurasa nne:
Mtetemo, mvuka Ruvuma, peku juu ya magunia,
mstari wa mwisho, nyuma ya Fadina.
Anguko la kwanza, sakafu ya ghala inapasuka.
Mwalimu anautazama ufa,
anatazama saa.
"Tena. Polepole."

Chilumba kasoma. Zile nne kazirukia, nimemwona.
Kwenye ya tisa akasimama, akazima mashine,
mteja akabaki na upara wa upande mmoja.
"Sasa kishamshika," akasema. "Dogo huyu atampeleka wapi?"

Hapo sijachora.