Mstari wa Chini wa Karatasi

Saa nne usiku, umeme umekatika Buguruni,
Mwajabu anapiga simu kutoka Ohio.
Kwao ni mchana, yumo kwenye foleni ya kura,
baridi, anasema, pua si yangu tena.
"Kaka, wewe ni mtu wa mahakama,
nisaidie. Huku hata hakimu anachaguliwa."

Nikacheka. Nikadhani mtandao umemeza neno.
Hakimu? Achaguliwe kama mjumbe wa nyumba kumi?
"Ndiyo. Majina mawili, mwisho wa karatasi,
chini ya wakubwa wote, karibu na ukingo.
Mmoja ametuletea kadi, amepiga picha na mbwa wake
na wajukuu watatu.
Mwingine simjui hata kwa kikohozi.
Na ndiye atakayeamua madeni, talaka,
vijana waliokamatwa usiku.
Nimpe nani?"

Miaka kumi na tisa nashika mafaili
ya Mahakama ya Mwanzo. Mihuri miwili mezani:
IMEPOKELEWA, umefifia;
IMEAHIRISHWA, wino wake naukuta hadi kwenye ugali.
Nimeona mahakimu kumi na mmoja wakija na barua,
wakiondoka na barua.
Hatukuulizwa. Hata Pazi mfagiaji hakuulizwa,
naye ndiye anayejua nani husalimia
na nani hufunga mlango saa sita.

Nilitaka kumwambia Mwajabu: itazame kalamu.
Tulikuwa na mmoja, Hakimu Ndimbo.
Mama muuza mihogo alikuwa akieleza deni la kikoba,
akapotea njia, akaingia kwenye msiba wa mwanawe,
akatokea upande wa pili na jiko lililoibwa,
na kalamu ya Ndimbo ikasimama, haikugonga meza,
ikamsubiri arudi.
Hilo halienei kwenye kadi yenye mbwa.

Nilitaka kumwambia pia habari ya yule mwingine,
jina lake nalimeza na mate,
aliyekuwa na kicheko kizuri kuliko wote.
Huyo angegombea, angeshinda.
Mtaa mzima ungevaa kofia zake,
wenye nyumba wangepika pilau,
na mpangaji aliyetupiwa godoro nje
angeila kwanza, ndipo aje kufungua shauri.

Lakini na barua nayo, nani ameiona ikiandikwa?
Inashuka tu, kama mvua juu ya bati,
wewe tega ndoo.

"Upo? Wamebaki wanne mbele yangu."
Nikasema: Mtafute aliyeshindwa kesi mbele yake,
umuulize kama alitoka amesikilizwa.
"Nimtafute wapi, kaka? Hapa kila mtu
ameziba masikio na vidude vyake."
Ikakatika. Bando lake, au mnara wetu.

Alfajiri nikakuta picha: kibandiko kwenye koti,
na chini yake ameandika,
ule mstari nimeuacha wazi,
nisije nikamfunga mtoto wa mtu kwa sababu ya mbwa.

Sikujibu. Benchi lilikwisha kujaa.
Hakimu mpya tulimngoja saa tatu, akaja saa tano,
binti tu, viatu vina tope la Mnyamani,
barua yake kwenye bahasha ya kaki.
Akaomba dirisha lifunguliwe.
Akaita shauri la kwanza, la Bi Mwanahawa Kibwana,
la jokofu, lililoahirishwa mara saba
kwa mkono wangu huu.
Akasema, "Anza popote, mama."
Bi Mwanahawa akaanza mbali. Akaanza na marehemu mumewe.

Niliitazama ile kalamu.
Pazi, mlangoni, ameegemea ufagio, naye anatazama.
Muhuri ulikuwa mkononi mwangu,
sijui nimeushika tangu saa ngapi.