Ukurasa wa Thelathini na Moja

Wameniomba nisome historia ya Udugu,
tawi la Tanga, mwaka wa ishirini na tano,
mbele ya wageni, kabla ya pilau.
"Fupi tu, Katibu," kasema mwenyekiti, "watu wana njaa."

Basi nimelifungua daftari.
Jalada la kijani, kona zimeliwa na mende,
na harufu ile ile ya chumba cha Chumbageni
tulichopanga watu saba, magodoro matatu,
mvua ikinyesha ndani kuliko nje.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa Shekimweri,
herufi zimesimama wima kama mkonge shambani:
"Sisi tuliotia sahihi hapa chini
hatutamwacha ndugu yetu alale njaa,
augue peke yake, wala azikwe na manispaa."
Hatukuwa na kitu. Kalamu yenyewe ilikuwa moja.

Ukurasa wa tano: sufuria kubwa imenunuliwa.
Ukurasa wa tisa: sufuria imeibwa.
Ukurasa wa kumi: sufuria imerudi, mwizi ni ndugu,
kasamehewa, kapewa zamu ya kuiosha mwaka mzima.
Bado namwona Mntambo, masizi hadi viwikoni,
akiapa kwamba jela ingekuwa nafuu.

Ukurasa wa kumi na nane: Hozza.
Malaria, wiki ya mitihani.
Tuliuza redio, tukauza baiskeli mbili,
tukamfikisha Mlalo kwa mamake.
Njia nzima hakuna aliyesema neno,
ila kila kona ya mlima Sempombe alilishika jeneza
kama mtu anayezuia mtoto asianguke kitandani.
Huo ndio ukurasa niusomao kila mwaka.
Wageni hulia. Michango huongezeka.

Kisha thelathini.
Kisha thelathini na mbili.

Hakuna aliyewahi kuuliza.
Uzi wa daftari umelegea pale,
kama fizi iliyong'olewa jino;
ulimi wangu hauachi kupapasa.

Tulikwishakuwa wakubwa. Tulikuwa na fulana,
na muhuri, na foleni ya wanaotaka kuingia.
Cha bure hakina heshima, tukasema;
tukabuni mlango, na mlango ukataka mbavu za watu.

Mwaka ule mlango ulikuwa jiwe la chokaa:
libebe kutoka Pongwe hadi mjini, usiku, pekupeku,
usilitue.
Walikuwa wanne. Watatu walifika.
Wa nne, Mwinjuma Sengasu,
aliketi kando ya barabara Majani Mapana, akasema basi.
Mimi ndiye niliyemwambia ainuke.
Mimi ndiye niliyelisukuma kwa mguu
jiwe alilolipakata, likamwangukia kifundoni.

Niliandika yote usiku ule, kwa wino wa buluu,
maana kazi ya katibu ni kuandika.
Asubuhi nikauchana,
maana katibu naye alikuwa na mtihani saa mbili.

Sengasu hakurudi darasani.
Jina lake halimo kwa walioingia
wala kwa waliofukuzwa.

Ana kibanda Makorora sasa, anatengeneza baiskeli.
Mguu wa kushoto huburura mstari wake mchangani.
Mwezi uliopita nilimpelekea gurudumu
lililotobolewa na msumari niliouchagua mwenyewe.
Aliizamisha tyubu karaini, akangoja mapovu.
"Nawe ni wa Udugu," akasema, akiitazama fulana.
Nikasema ndiyo.
"Mlimzika vizuri yule kijana wa Mlalo. Nilisikia."

Nikanyoosha noti ya elfu kumi, nikamwambia abaki nayo.
Alihesabu chenji mpaka ikatimia,
akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole:
"Kiraka ni elfu moja. Ndiyo bei ya watu wote."

Fupi tu, Katibu.
Pilau inanukia; sufuria bado ni ile ile.
Mntambo, mvi kichwa kizima, ananikonyeza nifike kwenye wizi wake.
Nimekwishaupita. Nimempita na Hozza.
Nimefika mstari wa mwisho wa thelathini,
na kidole nimekilowesha ulimini.