Somo

Alfajiri nafungua kabati la joto
la maabara yetu, nyuma ya zahanati, Nyalenda.
Sahani ishirini na mbili. Katika kila moja
vitone vya waridi vimetapakaa kama shanga
zilizokatika uzi kiunoni mwa mtoto.

Ukiwatazama hivi, ni ndugu wa tumbo moja.
Tumbo, ndiyo. Sina neno jingine.

Jina lao koli, nimelizoea
kama jina la jirani aingiaye bila hodi:
wengi hukaa utumboni mwetu maisha yote,
hula makombo, hawana neno na mtu.
Lakini jina halisemi kilicho mfukoni.
Nikishawavunja kuta, nikazivuta jeni zao
zitambae ndani ya jeli (stima isipopotea),
naona: huyu hana kitu.
Huyu ana ndoana za kujishikiza.
Yule kabeba sumu ya kufungulia maji ya mwili
kama mtu aliyepasua bomba la kaunti akaenda zake.
Na silaha hawazaliwi nazo tu. Huazimana,
kama sisi tunavyopitishiana chumvi juu ya ua.

Apondi alileta watoto wawili.
Kisima kimoja, kikombe kimoja cha plastiki, cha buluu.
Obuya aliharisha siku mbili, akaamka akidai mandazi.
Hawi (jina lake ni bahati)
macho yalizama kabla ya adhuhuri;
ukifinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama.
Muuguzi alitafuta mshipa mara nne.

Sahani ya tisa, sahani ya kumi.

"Daktari," akaniita. Mimi si daktari, alinipandisha cheo tu.
"Si ni kidudu kile kile?"

Nikamwambia: ni somo yake.

Akanyamaza. Kisha, bila kuniangalia:
"Ninaye somo yangu hapa hapa Nyalenda.
Alinikopa mia tano, akahama usiku."

Hawi ananyonya sasa, mrija ungali mkononi.

Yule wa sahani ya kumi nimemgandisha,
atalala barafuni miaka mingi kuliko sote.
Kwenye kichupa sikuandika jina, jina analo.
Niliandika alikotoka: kisima nyuma ya choo cha kukodi,
mvua ya Aprili, mtoto wa miezi kumi na minne.

Nikanawa hadi kwenye viwiko, mara mbili.
Nyumbani nikakishika kikombe changu,
nikakitazama, maji yametulia,
safi kabisa kwa macho.