Mlozi wa Mikoroshini

Shangazi Siwema alirudi kutoka umra
na tende, na zamzam ya lita tano,
na lozi kumi na mbili ndani ya maganda yake,
magumu kama uso wa mdai.
Tende tuligawana. Maji tuligawana kwa kijiko.
Lozi akazifunga kwenye pindo la khanga:
"Hizi haziliwi. Hizi napanda."

Hapa, Temeke Mikoroshini,
ambako sijawahi kuona mkorosho.

Bwana Mbwilo wa bustani ya miche alimwonya:
mama, mti huu hautoi ua bila kulala,
na haulali bila baridi.
Sasa baridi utaitoa wapi,
huku chumvi inalia kikoponi,
njiti ya kiberiti inakunjika kama uzi
na godoro linatoka jasho kabla ya mwenyewe?

Siwema akaenda kwa Asumpta muuza barafu,
akaomba kona moja ya friji.
Wiki sita lozi zikalala kwenye kitambaa kibichi
baina ya vifuko vya ukwaju na vya ubuyu,
zikidhani ziko mlimani.
Jumanne moja umeme ukakatika tangu alfajiri;
majira ya baridi yakatiririka sakafuni
na Asumpta akayakausha kwa dekio.

Mbili zikaota.
Ndoo za rangi, matundu ya msumari wa moto,
vifuu chini ili maji yasituame,
mchanga, samadi ya kuku, na dua.

"Nina mlozi uani," akawaambia wenzake wa kikoba,
na wiki ile hakuna aliyekuja kwake kuomba hata chumvi.
Ikabidi mjumbe aje, aoneshwe majani:
ni mlozi huu, jamani, si mlozi huyu.

Kisha masika, mvua isiyobisha hodi.
Majani yakatoboka kama yamechomwa sigara.
Mashina yakatoa gundi, tone kwa tone,
rangi ya asali, na mmoja ukafa Aprili.
Uliobaki akaupunguza matawi ya ndani, upepo upite;
akausogeza mbali na bafu;
akaokota kila jani bovu, akalichoma,
asibakize hata moja chini.
Julai, kipupwe kilipoingia,
vifuko vya barafu vilivyopasuka
akavizika shinani jioni kwa jioni.
"Lala," akiuambia. "Lala basi.
Baridi yetu ndiyo hii, hatuna nyingine."

Na muda wote huo, nje ya ukuta,
kwenye uwanja wa zahanati, mkungu
haukuombwa kitu na mtu.
Matawi ghorofa juu ya ghorofa,
majani yakigeuka mekundu na kuanguka
siku yanayotaka yenyewe.
Usiku popo walikula nyama ya kungu
na kutupa kokwa juu ya bati letu: ko.
Halafu, ukishaanza kusinzia, ko.
Asubuhi wanafunzi, jiwe chini, jiwe juu,
mara nyingine kidole katikati,
wakifukua kiini chembamba kuliko ukucha.

Siku moja nilivunja vitano, nikampelekea Shangazi.
Akatafuna muda mrefu, kama mtu anayesikiliza.
"Inafanana," akasema.
Hakusema na nini.

Mwaka wa nne huu. Mlozi unanifika kiunoni,
na ua hatujaliona.
Mwezi uliopita kichipukizi kimoja kilivimba,
tukaacha kufua upande ule, tukanong'ona kwa siku tatu;
kikafunguka. Jani.

Juzi nimekuta mche wa pili ndoo ileile,
jani pana, la kung'aa, lisilo na kidonda:
kokwa ya popo, imejipanda.
Nikanyoosha mkono niung'oe.
"Acha," Shangazi akasema kutoka jikoni,
mahali ambapo ndoo haionekani.

Nimeacha.
Leo asubuhi ndoo imepasuka ubavuni,
na mzizi mmoja umetokeza, mweupe, unatafuta.
Wa mti upi, sijui.