Penseli Ukutani

Ubao wa langoni ulisema: GHOROFA 4.
Ile 4 ilikuwa na rangi mbichi, na chini yake,
ukikaza macho, palikuwa na 2.
Nambari ya kibali ilifutwa na mvua,
mvua ambayo sisi wa Umoja hatukuiona tangu Mei.

Walianza kwa kuchimba. Wakachimba hadi wakakata bomba,
tukakaa siku tisa na mitungi
huku shimo lao likijaa maji safi ya kunywa
na Situma, mnyapara, amesimama ukingoni kama mwenye bwawa.
"Mama Kemuma, ni hitilafu ndogo."

Ndogo.
Ndogo ni karai la zege lililotoka ghorofa ya tatu
likatua ndani ya tangi langu, likaganda humo.
Ndogo ni ukuta wa mpaka ulioilalia sukuma yangu alfajiri,
polepole, kama mlevi anayetafuta kitanda.
Ndogo ni ngazi zilizopanda zikakuta hakuna mlango,
wakazivunja kwa nyundo Jumapili nzima.

Kisha ufa.

Ulianzia darini, pembe ya sebule,
kwenye ukuta nilikowapimia watoto urefu.
Nikachukua penseli ileile (hapana, ile iliisha zamani)
nikaandika pale ncha yake ilipokomea: Juni 4.
Julai 2, umemfikia Bosire, miaka kumi na saba.
Bosire yuko Nakuru. Ananiambia kwa simu, piga picha.
Julai 30, sarafu ya shilingi ishirini inaingia, haitoki.
Agosti, unamnyemelea Kemuma wa darasa la nane.
Watoto walikua kwenda juu. Huu unakua kuja chini,
na una njaa kuliko wote niliowalea.

Nikatia picha kwenye bahasha, nikaenda ofisi ya kaunti.
Dirisha la kwanza likanituma la nne,
la nne lilikuwa limeenda kula.
Faili ya jirani ilikuwa imetoka.
Imeenda wapi? Imetoka.
Kijana mmoja, kola safi, akanionea huruma:
"Malalamiko yanataka ramani ya nyumba yako, mama.
Iliyopitishwa."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nyumba yenyewe ina karatasi zake.
Lakini jiko, na kile chumba cha nyuma
anachopanga fundi wa saa,
hivyo vilipitishwa na marehemu Ontita peke yake,
mwaka wa tisini na nne,
kwa mbao alizosema alipewa.
Methali ya nyani ninaijua. Usinikumbushe.

Wakaja Alhamisi, watu watatu na kopo la rangi nyekundu.
Kwa jirani wakapiga X kubwa, yenye kutiririka.
Wakazunguka, wakatazama jiko langu, wakanong'ona,
wakapiga ya pili kwa rangi iliyobaki,
fupi kidogo, kama mtoto wa ile.

Usiku huo mashine ya kuchanganyia zege ilinguruma,
kwa kuwa gizani X haisomeki.
Situma akabisha na kipande cha turubai la buluu.
"Yetu tumeshaifunika, hiki kimebaki. Misumari unayo?"
Ninayo. Ni yao:
nimeiokota uani tangu Januari, makopo mawili ya maziwa.

Akapigilia taratibu, akiusikiliza ukuta kila pigo.
Alipoingia kunywa chai akauona ufa,
akavua kofia.
Hakusema ndogo.
Akaufuata kwa kidole kutoka darini,
akampita Bosire, akampita Kemuma, akachutama.
"Umeongezeka leo," akasema.

Nikampa penseli.
Akaandika tarehe kwa utulivu, Septemba 14,
mwandiko mzuri, wa mtu aliyependa shule.
Ile 4 niliitambua.