Kigae cha Shimo la Tatu

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema.
Hawakusema mpimaji wa magae hulia wapi.
Mimi hulia pembeni ya msumeno wa almasi,
viazi vya kuchemsha na chai ya rangi,
na vumbi la miaka elfu moja na ushei
limetua juu ya sukari.

Juni, Mbeya. Loleza imejifunika hadi kidevuni.
Kigae kimekuja kutoka ufukweni, Ziwa Nyasa,
ndani ya mfuko wa nailoni, kwa mwandiko wa Mwaisumo:
shimo la tatu, sentimita themanini.
Chini yake, kwa penseli: TAFADHALI USIKIPOTEZE,
kana kwamba kilikaa ardhini muda wote huo
kikimngoja mzembe kama mimi.

Nimekikata. Samahani, nilikiambia, kwa sauti.
Huwa nasema hivyo Dokta Mwaipaja akitoka.
Nikakibandika kwenye kioo, nikaanza kusaga
kwa mkono, kwa duara, kwa unga uliolowa,
mpaka zibaki sehemu tatu za mia za milimita,
mpaka udongo usahau kwamba ulikuwa ukuta
ukubali kuwa dirisha.
Ukizidisha mzunguko mmoja, kimekwisha.
Nimewahi kuzidisha.

Umeme ulirudi saa tisa.
Chini ya hadubini: mchanga wa mto,
mviringo, uliochoshwa na safari;
ulanga, unaowaka na kuzimika nikizungusha meza;
vitundu virefu, makaburi ya majani yaliyoungua,
vimelala sambamba, kisha vinapinda ghafla.
Hapo pindi la kwanza liliishia.
Hapo alilaza la pili, akalibana kwa gumba.
Na katikati ya unene wote, moyo mweusi:
moto ulikuwa wa wazi, wa haraka,
moto wa mtu aliyeona mvua ikija juu ya ziwa.

(Hiyo mvua sitaiandika.)

Halafu chenga. Nyekundu, zenye kingo kali,
si za mto, si za mlima.
Kigae kilichotwangwa, kikatiwa katika udongo mbichi
ili chungu kipya kisipasuke motoni.
Hilo linajulikana, lina safu yake kwenye fomu.
Nikasogeza lenzi kubwa.
Ndani ya chenga ile
kulikuwa na chenga nyingine.
Nyeusi kidogo, kingo zake bado kali.
Chungu, na mama yake chungu,
na bibi yake, wote katika ukuta mmoja
wakishikilia uji wa mtu.

Nilitoa jicho. Nje bajaji ilipiga honi.

Nikampigia Tupokigwe, anayefinyanga kule mpaka leo.
Nilitaka aseme: ndivyo tufanyavyo, tangu enzi.
Akacheka hadi simu ikakwaruza.
"Sisi? Sisi tunatia mchanga, baba.
Kikivunjika, kuku wananywea maji.
Muulize huyo aliyetwanga."
Kisha akauliza gunia la viazi Uyole ni bei gani.

Basi nimeandika: *mchanga wa mto; chenga za vigae,
vizazi visivyopungua viwili.*
Dokta atakata *vizazi*, ataweka *awamu*.
Ana haki. Fomu ni yake.

Lakini kuna lile tope la kusagia,
jekundu, linalobaki chini ya karai.
Siku zote humwagwa.
Leo nimelikausha juu ya jiko,
nikalifunga kwenye karatasi ya daftari. Vijiko viwili hivi.
Basi la Kyela linaondoka alfajiri,
na kondakta namfahamu.

Tupokigwe atacheka tena.
Udongo uwahi ungali maji; najua, najua.
Huu umeshachomwa mara tatu,
haufinyangiki tena kwa namna yoyote.
Unachoweza
ni kuingia ndani ya mwingine.